Mpe Jina Kwanza: Jinsi ya Kuandika Mgonjwa wa Akili kwenye Skiti, Drama ama Wimbo

Mwaka ule tulikuwa tunatayarisha mchezo wa kuzunguka nao mashuleni huku Nakuru, mimi ndio nimeandika na mimi ndio direkta, na kwenye skripti kulikuwa na yule mtu ambaye ni kama lazima awe kwenye kila komedi yetu, yule wa kupita steji na gunia akiongea peke yake, watu wanaanguka kwa kicheko, anatoka. Hana kazi ingine. Nikampelekea dada yangu mkubwa suruali ya mtumba, nzima kabisa, nikamwambia airarue magoti na aishonee vizibo vya soda pembeni ndio vilie akitembea. Dada ni fundi wa nguo, cherehani yake iko kwa veranda hapo Kaptembwo. Akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akauweka chini tena, akaniuliza, "Huyu mtu anaitwa nani?"

Nikafungua skripti kumuonyesha. Pembeni ya maneno yake nilikuwa nimeandika MWENDAWAZIMU. Wengine wote walikuwa na majina, hadi mama wa mahindi choma ambaye alikuwa na mstari mmoja tu.

Sasa dada yangu alishikwa na ugonjwa wa akili akiwa fomu tatu. Anaishi na baipola miaka mingi, anaenda kliniki, anameza dawa, ako na wateja, analipa rent. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Mimi siku ile wananipeleka hospitali nilikuwa na sketi imepigwa pasi. Nilikuwa nimepiga pasi usiku mzima, soksi za domu yote pale shuleni." Halafu akairarua ile suruali kwa sababu nilikuwa nimeshamlipa.

Nimemuuliza kabla ya kuandika hii, akasoma, akasema vitu viwili vitoke, vikatoka. Kwa hivyo kama wewe unaandika skiti za TikTok, unafunza drama shuleni, unafanya setibuku, ni MC, ni mchekeshaji, unaimba, ama uko redioni asubuhi unaamsha watu, hizi ndizo hatua ambazo mimi nafuata saa hii. Zimenichukua miaka kuzijua na nimeumiza watu njiani.

Hatua ya kwanza: toa kazi zako za zamani uhesabu

Toa skripti zote na klipu zilizo kwa simu, keti na kalamu. Tafuta kila mhusika mwenye shida ya akili, umuulize: ako na jina? Ako na mtu wake, mama, mke, beste? Kuna kitu anataka kwenye hiyo stori, hata kama ni nauli ya kwenda Njoro? Na mwisho anaishia wapi? Mimi nilikuwa na skripti kumi na moja na watu wa aina hiyo saba, mwenye jina hakuna hata mmoja, na wanne kati yao kazi yao ilikuwa kupita tu.

Utaona wanakuja kwa makundi. Kuna wa kuchekwa, huyo ni wa gunia. Kuna wa kuogopwa, muuaji anayecheka peke yake gizani, na huyu tumemkopa kwa sinema za nje bila kuuliza, maana ukweli ni kwamba wengi wenye magonjwa ya akili hawapigi mtu wala kuua, na wao ndio hupigwa na kuibiwa zaidi ya vile wao wanaumiza wengine. Halafu kuna wa kurogwa, anaombewa sini moja na kupona hapo hapo. Na kuna yule anakufa ndio wengine wapate funzo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa anaishi na ugonjwa fulani wa akili. Si hesabu ya ukumbi wako hasa, lakini chukua wanafunzi mia nne kwenye hoo (ukumbi) ya shule ugawanye na nane. Hamsini. Hapo hujaweka wenye mama zao ni wagonjwa nyumbani na hawajawahi kuambia mtu. Hao wote umewakalisha kwa viti, umefunga mlango, halafu unawaonyesha gunia.

Hatua ya pili: maneno

Wazimu, kichaa, chizi, fyatu, punguani, waya zimegusana, nati zimelegea, amekatika. Tuko nayo mengi kushinda hata majina ya mboga. Neno wazimu lenyewe ukilisikiliza lina mizimu ndani yake, kumaanisha ukilisema tu umeshaamua ugonjwa umetoka wapi. Halafu kuna majina ya mahali. Mtu akikukasirikia Nairobi anakuuliza kama umetoroka Mathare, huku kwetu wanasema utapelekwa Gilgil, na hizo ni hospitali jameni, mahali watu wanaenda kutibiwa. Ile ya Nairobi, ambayo jina lake rasmi ni Mathari, ilianza mwaka 1910 na wakoloni waliiita nyumba ya wendawazimu. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunaitumia kama tusi, halafu tunashangaa mbona mtu anaficha barua ya rufaa chini ya godoro.

Sisemi ufute hayo maneno yote. Watu wetu wanayasema, na mchezo ambao hakuna mtu anasema "chizi" utakuwa uongo. Angalia tu nani analisema. Likiwa mdomoni mwa jirani mwenye domo kubwa, na watazamaji wanaona venye linamchoma mwenye kuambiwa, hapo limefanya kazi. Shida ni likiwa kwako wewe mwandishi, yaani kwenye orodha ya wahusika, kwenye posta, kwa mdomo wa MC akikaribisha mchezo. Hapo toa.

Pia wacha kuazima majina ya magonjwa kwa vitu vidogo. Hali ya hewa ya Nakuru haina baipola, ni mvua tu. Arsenal wakifungwa hujapata depresheni, umekasirika, na kesho utakuwa sawa. Dada yangu anasema hii humuuma kuliko chizi, kwa sababu chizi anajua ni tusi, lakini hii inafanya ugonjwa wake uonekane ni mudi tu, ya kuamka vibaya.

Na usikimbilie ule upande mwingine wa kumfanya mhusika aseme "mimi ni mtu mwenye changamoto za afya ya akili" kama amesoma kwa bango la semina. Watu husema nilishikwa, kichwa kilinisumbua, niko kwa dawa, sikuwa mimi. Hayo ndiyo maneno ya steji.

Hatua ya tatu: chagua ugonjwa mmoja, uujue

Hakuna ugonjwa unaitwa wazimu. Kama huwezi kusema mhusika wako ako na nini, bado hujui unaandika nini, na hapo ndipo aktaa anaanza kuzungusha macho na kutoa ulimi kwa sababu hana kitu kingine cha kufanya.

Depresheni kwa mfano, sisi huonyesha mtu analia kwa mvua. Lakini mara nyingi haina hata machozi. Ni mama ambaye alianza kufumua nywele Jumapili na mpaka Alhamisi upande mmoja bado una rasta. Ni sufuria ya ugali imelowekwa siku tatu. Ni simu inalia mtu anaiangalia tu mpaka inyamaze. Na huku kwetu watu wengi wanaanza kwa mwili, kichwa, mgongo, tumbo, wanapimwa malaria mara tatu hakuna kitu. Hiyo sini ya kupimwa malaria mara tatu, ukiiandika vizuri, hoo yote itanyamaza kwa sababu kila mtu anaijua.

Baipola iko na pande mbili na hazibadiliki kila dakika kama swichi ya taa, zinakaa siku, wiki, hata miezi. Ule upande wa juu kutoka nje unaweza kuonekana kama raha. Mtu halali na hachoki, anaanzisha biashara tatu, anagawa pesa, anaongea haraka mpaka huwezi kumshika. Kumbuka zile soksi za domu yote. Hiyo ni picha moja na ina nguvu kushinda nywele za kuchanika zote utakazobandika mtu.

Skizofrenia si kuwa watu wawili ndani ya mmoja. Hili kosa liko kila mahali na inafaa tuache kulirudia. Ni kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, kuamini vitu ambavyo huwezi kumtoa, mawazo kuruka, na pia kunyamaza, kujitenga, uso kukosa kuonyesha kitu. Inapata karibu mtu mmoja kwa kila mia tatu duniani. Aktaa akitaka kujua vile sauti zinasumbua, fanya hivi kwa mazoezi: mweke aongee na mtu kuhusu bei ya viazi, halafu watu wawili wasimame nyuma yake wakimnong'oneza masikioni vitu vya kumtusi bila kuacha. Dakika mbili zinatosha, na muulize kwanza kama ako sawa kufanya. Kijana mmoja wetu alipomaliza hilo zoezi alikaa chini, na hakuniuliza tena kama aongeze kuzungusha macho.

Dawa pia usisahau. Wale wanaoonekana wamekaa kama wamelala, mikono inatetemeka, wamenona ghafla, mara nyingi hiyo ni dawa na sio ugonjwa. Kuna wenye wanadungwa Modecate karibu kila mwezi, na hiyo tarehe inapangiwa kila kitu, nauli, kazi, nani atabaki na watoto. Dawa za depresheni zinachukua wiki kadhaa kabla mtu aone tofauti, kwa hivyo usimpe mhusika tembe usiku halafu asubuhi anaamka akiimba. Na kina mama waliojifungua tafadhali muwaandike, kwa sababu yule anaitwa mama mbaya kwenye drama zetu, anayekataa kubeba mtoto, mara nyingi ni mgonjwa na hakuna mtu amemuuliza.

Hatua ya nne: keti na mwenye kuishi nayo, na umlipe

Ukitaka kuandika juu ya dereva wa matatu utaenda stendi kukaa na madereva. Hapa pia ni hivyo. Tafuta mtu ambaye ako sawa saa hii, sio ambaye ametoka wodi wiki jana, na uende kwake mwenyewe, sio kwa mjomba wake. Mwambie unaandika nini na utalipa ngapi, kwa sababu stori yake ni kazi, na siku aliyokaa na wewe cherehani yake haikushona. Usianze na "kitu kibaya zaidi ulifanya ni gani?" Uliza asubuhi yake inaanzaje. Nani alikuja kumuona na nani hakuja. Watu walibadilika aje aliporudi. Hapo ndipo kuna drama, kwa kurudi, na hakuna mtu huiandika, tunapenda tu ile siku ya kufungwa kamba.

Mpe asome kabla ya mazoezi, na akisema toa, toa. Usibishane.

Kuna Wakenya wamesema yao hadharani unaweza kuanzia kwao. Sitawa Wafula amezungumza miaka mingi wazi kuhusu kuishi na baipola na kifafa na akaanzisha My Mind My Funk kusaidia wengine, msikilize venye anaongea, anajieleza kama mtu mzima mwenye maisha. Na nesi wa kliniki ya akili mahali ulipo, ukienda siku ambayo hakuna foleni na umebeba maswali yako yameandikwa, atakusaidia kuliko unavyodhani.

Hatua ya tano: usichukue video ya mgonjwa barabarani

Hapa siko na upole sana. Kuna klipu ilizunguka ya mwanaume mmoja kwa stendi, vijana walimpatia soda ndio acheze, wakaweka wimbo juu na emoji za kucheka. Mamake aliiona kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa. Alikuwa amemtafuta wiki mbili. Na watu kwa hiyo grupu walikuwa wanacheka bila kujua ni mtoto wa nani, na yeye mama ako hapo ndani anasoma.

Mtu ambaye amechanganyikiwa hawezi kukupa ruhusa, hata akikuonyesha kidole gumba. Kenya iko na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na hali ya afya ya mtu iko kwa yale mambo inayolinda zaidi. Lakini hata kabla ya sheria, huyo ni mtoto wa mtu. Kama ulishaposti, futa leo, halafu uwaandikie waliosambaza mmoja mmoja uwaombe wafute. Itakuchosha lakini fanya. Na ukiona mtu hivyo barabarani, weka simu mfukoni, uliza wenye maduka karibu kama kuna anayewajua watu wake, kwa kawaida kuna mama wa mboga anajua kila kitu.

Hatua ya sita: pasta, mganga na laana

Usiwakejeli. Familia nyingi zinaanza kanisani ama kwa mganga kwa sababu huko ndiko kuna mtu wa kuongea nao siku hiyo hiyo, kliniki ni kungoja. Mama yetu alifunga na kuomba na hiyo ilimshikilia yeye mwenyewe asianguke. Shida ni ile sini ya kukemea pepo, mgonjwa anatapika, anaamka mzima, nyimbo, mwisho. Kwenye viti kuna mtu anaenda nyumbani kumwambia ndugu yake aache dawa. Nakuomba uandike pasta ambaye anaomba, na akimaliza kuomba anauliza, "Kliniki ni lini?" halafu anatoa nauli. Wako wa hivyo. Namjua mmoja.

Hatua ya saba: kujiua

Kama mchezo wako hauhitaji, usiweke kabisa. Usimalize nayo kwa sababu umekosa mwisho.

Kama unahitaji, fuata haya. Usionyeshe njia, usiitaje, usionyeshe mahali wala kifaa, usisome barua mbele ya watu. Usifanye ionekane ni njia ya kulipiza kisasi ama ya kupata amani, na usiipe sababu moja tu, eti aliachwa na msichana, eti alifeli mtihani, kwa sababu haiwi hivyo na mtu kwa viti aliyefeli anasikia. Onyesha dalili kabla, mtu anagawa vitu vyake, anaaga aga, na onyesha mwenzake akimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandii wazo, kunamfungulia mlango. Muhimu zaidi, onyesha mtu aliyefika ukingoni na akarudi, na nani alimrudisha.

Haya si mambo yangu nimeota. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 wa watu wa filamu na steji peke yao. Kule Vienna, Austria, magazeti yalikubaliana mwaka 1987 kuacha kuandika kwa kelele habari za watu wanaojiua kwenye treni za chini ya ardhi, na visa vikashuka sana. Netflix nao mwaka 2019 walikata sini ya kujiua kwenye tamthilia yao ya vijana, miaka miwili baada ya kuionyesha mara ya kwanza, baada ya madaktari na wazazi kulia nayo. Kama kampuni kubwa hivyo inaweza kukata, wewe na mimi tunaweza kukata ukurasa mmoja.

Na urekebishe ile sini ya polisi. Tulizoea kuandika mtu ameokolewa halafu anapelekwa seli, juu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, hadi miaka miwili jela. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo mhusika wako akiokolewa sini inayofuata ni hospitali.

Ongea pia na aktaa anayecheza hiyo sehemu, kila siku baada ya mazoezi, na umpe ruhusa ya kuikataa. Kama ni mwanafunzi, mimi simpatii kabisa.

Hatua ya nane: kicheko kiende kwa nani

Watu huniuliza, sasa komedi imekufa? Haijakufa, imehama mahali. Ngoja nikuonyeshe.

Dada yangu alipotoka hospitali mara ya pili, mama alimfichia mkasi. Kumbuka ni fundi wa nguo. Miezi minane akiwa sawa kabisa, daktari amesema ako sawa, wateja wanangoja sare za shule mwezi wa kwanza, na mkasi uko ndani ya debe la unga. Alikuwa anakata kitambaa kwa meno na wembe. Alipotuambia hii stori, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kucheka, mpaka mama naye akashindwa akacheka akifuta macho.

Basi tukaandika upya. Yule wa gunia akapata jina, Daudi. (Jina tulilichagua tukijua, ukimpa la kabila ambalo watu wameshazoea kuchekea lafudhi yake umeongeza mzigo juu ya mzigo.) Daudi amerudi nyumbani, anataka kutengeneza kachumbari, ndio tu. Anatafuta kisu. Kisu hakuna. Anauliza mama, mama anaimba wimbo wa kanisa kwa nguvu. Anauliza mjomba, mjomba amekalia kisu na hawezi kusimama. Jirani amekuja kusalimia akiwa mlangoni, mguu mmoja nje tayari kukimbia. Mwishowe Daudi anaketi chini anapasua nyanya kwa mikono, pole pole, juisi inamtiririka mpaka kwa kiwiko, na anamkaribisha kila mtu. Watu walicheka hiyo sini kuliko gunia lilivyowahi kuchekwa, na waliocheka zaidi walikuwa wale wenye wameshawahi kuficha kisu.

Hapa nieleweke vizuri, mtu akiwa na mawazo ya kujiua kuficha vitu vya hatari ni kumuokoa, fanya hivyo. Mchezo wetu unasema kuhusu mtu aliyepona na watu wake bado hawajarudi kutoka hospitali.

Na Daudi aingie akiwa na shati limepigwa pasi. Mwache mgonjwa wako awe mcheshi, awe na wivu, adai deni, achague mboga. Msimfanye malaika pia, hiyo ni gunia lingine jeupe.

Hatua ya tisa: ukisikia mwingine amekosea

Anza kwa simu, faraghani. Mtangazaji akisema kitu kibaya asubuhi usimvamie kwa komenti mara moja, wengi wao hawajui, mimi pia sikujua mpaka nikaulizwa jina. Mwambie laini ilikuwa gani, ilimgusa nani, na umpatie laini ingine ya kuchukua nafasi yake, kwa sababu ako na shoo kesho na anahitaji kitu cha kusema. Akikujibu "ni komedi tu", mwambie mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe janga la kitaifa, kwa hivyo anachekesha na janga. Akikataa kabisa na anaendelea, Baraza la Vyombo vya Habari liko na tume ya malalamiko, unaandika tarehe, saa, kituo na maneno yenyewe. Wanamuziki vivyo hivyo. Hakuna korasi ambayo haiwezi kubadilishwa neno moja.

Hatua ya mwisho: shoo ikiisha usiondoke

Kabla ya kuipeleka mbele ya umma, cheza kwa watu kumi, na wawili kati yao wawe ni wenye kuishi na ugonjwa huo. Kaa mahali unaweza kuona uso wao, sio steji. Wakicheka pamoja na wengine endelea, wakiangalia chini simamisha uwaulize.

Siku ya shoo yenyewe omba nesi ama kaunsela akae nawe hapo, na umtambulishe kabla ya kuanza ili watu wamuone sura. Andika nambari kwa karatasi kubwa karibu na mlango: 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, na watoto ni 116. Uweke pia kliniki iliyo karibu na siku zake, kwa sababu mtu wa Rhonda hapa Nakuru hana haja na anwani ya Nairobi.

Halafu ngoja. Kwa dakika ishirini hakuna mtu atakuja, watapita wakikwambia kazi nzuri, wapige picha. Anayetaka kuongea hukaa mpaka mwisho akijifanya anafunga kamba za kiatu. Sisi mara ya kwanza tulikuwa tunakimbilia kubeba viti kwa gari, na mzee mmoja alibaki amesimama katikati ya hoo tupu na kofia mkononi, tukamuuliza kama anatafuta mtu, akasema hapana, akaenda. Viti msivikusanye haraka. Bakisheni hata sita, mviweke mviringo, mbali kidogo na mlango, na chai kama bajeti inaruhusu.